Umbo likikaa, nyonga inaharibika: anza na mfupa kabla ya brashi

Swali: Nimeunda umbo la mwanamume mzima kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, urefu sm 175. Akisimama hana kasoro. Nikimkalisha kitini, kinena kinazama ndani, paja linaonekana fupi na tako linabonyea kama mpira uliopungua upepo. Uzito, yaani kiasi ambacho kila mfupa unaivuta ngozi, nimeupaka upya kwa brashi mara tano, na kila mara kasoro inahamia mahali pengine. Tena akitembea, goti linaruka ghafla mguu unapokaribia kunyooka. Nianzie wapi?

Jibu: Weka brashi chini kwanza. Kasoro inayohama kila unapopaka upya kwa kawaida si ya uzito. Ni mfupa wa paja uliokaa mahali pasipo pake, na hakuna upakaji utakaolificha hilo. Anza na mahali pa kiungo, halafu mihimili ya mzunguko (X, Y, Z), halafu uzito. Maumbo ya marekebisho, yaani nakala za meshi (wavu wa ngozi) zilizochongwa ziwake kwenye pozi fulani, yaje mwisho kabisa. Ukiruka hatua utarudi kuifanya, tena ukiwa umeshapoteza kazi ya hatua zilizofuata.

Kwa dalili ulizotaja, kiungo chako kiko chini mno. Wengi huweka kichwa cha mfupa wa paja pale mguu unapoonekana kuanzia, usawa wa msamba, kwa sababu jicho limezoea nguo na pindo la kaptula huishia hapo. Mwili haujengwi hivyo. Kichwa cha fupa la paja ni tufe lenye kipenyo cha sm 4.5 hadi 5, limeingia kwenye kikombe cha fupanyonga, na kwa mtu wa urefu huo liko karibu sm 10 juu ya msamba. Vipimo vinavyotumika sana katika taaluma ya mwendo wa binadamu huweka kiungo cha nyonga kwenye asilimia 53 ya urefu wa mtu kutoka sakafuni, goti kwenye asilimia 28.5, kifundo cha mguu kwenye asilimia 3.9. Kwa umbo lako hizo ni sm 92.8, sm 49.9 na sm 6.8. Ona kwamba paja na muundi vinatoka karibu sawa, sm 42.9 na sm 43. Ikiwa mfupa wako wa paja ni mfupi kuliko wa muundi kwa sm 5 au zaidi, kosa umelipata kabla hata ya kuendelea kusoma.

Upana na kina navyo vina kanuni. Tafuta zile ncha mbili za mbele za fupanyonga, unazozigusa kwa vidole ukishika kiuno. Pima umbali kati yake. Kutoka kila ncha, shuka asilimia 30 ya umbali huo, ingia kuelekea katikati ya mwili asilimia 14, kisha rudi nyuma asilimia 19 hadi 22. Ncha zikiwa zimeachana sm 24, unashuka sm 7.2, unaingia sm 3.4, unarudi nyuma karibu sm 5, na viungo viwili vinatengana kwa sm 17 na ushei. Usitumie katikati ya nyama kama mwongozo. Ukimnenepesha mtu huyu kilo 40, nyama itaongezeka nje, mbele na nyuma kwa viwango tofauti, ila kichwa cha fupa hakitaondoka kwenye kikombe chake. Anayepanga mifupa kwa kufuata katikati ya meshi hukosea zaidi kadiri umbo linavyonenepa.

Sasa tazama sm 5 za kosa zinafanya nini. Tuseme kiungo kiko sm 5 chini ya mahali pake na unakunja paja nyuzi 90. Paja zima linatua sm 5 chini na sm 5 nyuma ya pale lilipotakiwa kuwa. Zile sm 5 za nyuma ndizo zinazolifupisha paja, zinazokokota kinena ndani na kuligandamiza tako. Hapo ndipo malalamiko yako yote matatu yanapotoka. Kiungo kikiwa mbele mno kwa sm 3, kasoro inabadilika sura: paja linachomoza mbele sm 3 na kushuka sm 3, kama droo iliyofunguliwa. Kwa hiyo kasoro yenyewe inakuelekeza. Paja likizama nyuma, pandisha kiungo. Likichomoza mbele, kirudishe nyuma.

Ili kuthibitisha, nakili faili, futa uzito wote wa mpito, lipe paja lote 1 na fupanyonga 1, mpaka mkavu usio na mchanganyiko wowote. Meshi itapasuka vibaya, usijali. Kunja nyuzi 90 kisha utazame kwa ubavu ukiwa umewasha mwonekano wa kupenya (X-Ray). Kiungo kikiwa sahihi, sehemu ya juu ya paja inazunguka ndani ya nyonga bila kuhama. Kikiwa na kosa, utaiona inasafiri. Jaribio hili huchukua dakika mbili, na linakwambia kitu ambacho uzito laini hukuficha.

Mihimili ni kazi fupi. Kwenye Blender, Y hufuata urefu wa mfupa na huna uchaguzi juu ya hilo. Wewe unaamua X na Z zielekee wapi. Zungusha mfupa wa paja juu ya urefu wake hadi X ilale sambamba na mstari unaounganisha nyonga mbili. Hapo kukunja ni X, kutanua mguu ni Z, kusokota ni Y. Muundi nao uufanyie vivyo hivyo. Kwa paja tumia kwaternioni, njia ya kuandika mzunguko kwa namba nne. Kama atakayelianimisha anataka namba za kusomeka, mpe Euler, yaani pembe tatu zinazozungushwa moja baada ya nyingine, ya mpangilio YZX. Katika mpangilio wowote wa Euler, mhimili wa katikati ukifika nyuzi 90, miwili iliyobaki hulaliana na unapoteza mzunguko mmoja. Paja hupita 90 likikunjwa, basi X isikae katikati kamwe. Z iko salama hapo kwa kuwa mguu hautanuki zaidi ya nyuzi 45 hivi. Goti lipewe Euler, ufunge Y na Z.

Ukishayafanya hayo kinena bado kitazama kidogo, na safari hii kosa si lako, ni la hesabu. Njia ya kawaida ya kuvuta ngozi huuliza: kipeo hiki, yaani nukta hii ya meshi, kingekuwa wapi kama kingefuata fupanyonga peke yake? Kingekuwa wapi kama kingefuata paja peke yake? Halafu inapiga wastani kwa mstari ulionyooka kati ya majibu hayo mawili. Mstari ulionyooka hukata kona. Chukua kipeo kilicho sm 10 kutoka kwenye kiungo, uzito nusu kwa nusu. Paja likikunjwa nyuzi 90, kipeo hicho kinabaki sm 7.1 tu kutoka kwenye kiungo. Kwa nyuzi 120 kinabaki sm 5. Kwa nyuzi 140, sm 3.4. Unachozidisha ni kosaini ya nusu ya pembe, na kosaini haijali brashi yako ni laini kiasi gani. Ndiyo maana mtu anaweza kupaka wiki nzima akiwa anahamisha shimo lilelile huku na huko.

Dawa yake ni kukata safari vipande. Nakili mfupa wa paja, ufupishe hadi sm 8 hivi, kichwa chake kibaki palepale kwenye kiungo, mzazi wake awe fupanyonga bila kuunganishwa. Uupe kanuni ya kunakili mzunguko wa paja ("Copy Rotation"), nafasi ya mnakili na ya mnakiliwa zote ziwe za ndani, nguvu 0.5. Paja likikunjwa 90, mfupa saidizi unakunjwa 45. Ngozi sasa inatoka kwenye fupanyonga hadi kwa msaidizi, kisha kwa msaidizi hadi kwenye paja, kila hatua nyuzi 45, na upotevu katikati ya hatua unashuka kutoka asilimia 29 hadi 7.6. Kwa kukunja 120 unashuka kutoka asilimia 50 hadi 13. Sharti ni moja: kipeo kisichanganye fupanyonga na paja moja kwa moja. Ukanda wa kati uwe wa msaidizi, naye afike 1 mahali fulani. Ukiacha masalia ya fupanyonga yakivuka hadi upande wa paja, kona inakatwa tena na utadhani msaidizi hafanyi kazi.

Kuna msaidizi wa pili wa kuongeza ukiwa hapohapo, kwa ajili ya msokoto. Mtu akigeuza mguu mzima nje nyuzi 40, ngozi ya goti inageuka zote 40, lakini ngozi ya kinena karibu haigeuki. Mfupa mmoja wa paja hugeuza vyote, na mkunjo wa kinena unajinyonga kama nguo inayokamuliwa. Nakili tena mfupa wa paja, mzazi awe fupanyonga, uupe kanuni ya "Damped Track" ikilenga kichwa cha mfupa wa muundi kwa mhimili wa Y. Mfupa huo utafuata mwelekeo wa paja bila kusokotwa. Robo ya juu ya paja iufuate huo, theluthi ya chini ifuate paja lenyewe, na katikati vichanganyike. Yule msaidizi wa nusu pembe sasa anakili kutoka kwa huyu asiyesokotwa. Jumla ni mifupa minne inayovuta ngozi kuzunguka nyonga moja, na minne ndiyo idadi ambayo injini nyingi za michezo huruhusu kwa kila kipeo. Usijiongezee wa tano.

Kitufe cha "Preserve Volume" kwenye modifaya ya kuvuta ngozi ("Armature") utashawishika kukiwasha. Kinatumia kwaternioni pacha, njia nyingine ya kuchanganya mizunguko, na kweli hakipotezi ujazo, ila kasoro yake iko upande wa pili: kinavimbisha nje ya mkunjo, na nyuma ya nyonga iliyokunjwa donge hilo huonekana wazi. Tena umbo likisafirishwa kwa glTF, aina ya faili ya kupeleka maumbo kwenye programu nyingine, ngozi inarudi kwenye wastani wa kawaida na kila ulichosahihisha juu ya kwaternioni pacha kinaharibika. Ushauri wangu ni kukizima tangu mwanzo na kutegemea wasaidizi.

Sasa ndiyo ushike brashi. Kinenani mpito uwe mfupi, sm 4 hadi 6, ukifuata mshazari wa mkunjo unaoshuka kutoka ncha ya fupanyonga kuelekea msamba. Nyuma uwe mrefu, sm 15 au zaidi, kuanzia karibu na mwisho wa uti wa mgongo hadi chini ya mkunjo wa tako. Mbele ngozi hukunjana na inahitaji mstari. Nyuma hutanuka na inahitaji eneo. Anayeuzungusha mpaka mlalo, upana uleule mbele na nyuma, anapata mtu aliyevaa kaptula ya bati. Ile nundu ya mfupa unayoigusa ubavuni, chini kidogo ya nyonga, ni sehemu ya fupa la paja, kwa hiyo ipe paja sehemu kubwa ya uzito ingawa macho yanaihesabu kuwa nyonga.

Mistari ya meshi nayo ipite kwenye huo mshazari, angalau mitatu sambamba. Meshi ikiwa na pete za mlalo tu, mkunjo wa kinena utatoka ngazi ngazi hata uzito ukiwa safi. Umbo lijengwe miguu ikiwa imetanuliwa nyuzi 5 hadi 10 kila upande. Mapaja yakigusana kwenye pozi la mwanzo, uzito wa kiotomatiki huvuja kutoka paja moja kwenda jingine. Uvujaji ni rahisi kuugundua: kunja paja la kulia peke yake hadi 90 na utazame ndani ya paja la kushoto. Kipeo chochote kinachotikisika kiondoe kwenye kikundi cha kulia, kisha sawazisha uzito ili jumla ya kila kipeo irudi 1.

Kabla ya kuhukumu matokeo, hakikisha pozi lenyewe ni la binadamu. Nyonga ya mtu hukunjika kama nyuzi 120 goti likiwa limekunjwa. Goti likinyooka, misuli ya nyuma ya paja inaisimamisha kati ya 80 na 90 kwa watu wengi. Kwenda nyuma ni kama nyuzi 20 tu. Mguu unaoonekana kwenda nyuma zaidi ya hapo unasaidiwa na fupanyonga kuinamia mbele na mgongo kujipinda. Vilevile, mtu akikaa kitini fupanyonga halibaki wima, linalala nyuma na kiuno kinanyooka. Mlaze fupanyonga nyuma nyuzi 20, na kiungo kinabakiwa na 70 za kukunja badala ya 90. Mara nyingi nusu ya ubaya uliobaki inaondoka hapohapo, bila kugusa kipeo hata kimoja. Na ncha ya mguu ikitakiwa kuelekea nje, geuza paja, si kifundo. Goti lililonyooka halisokoteki, hivyo msokoto ule unatoka nyongani.

Kuhusu goti linaloruka, tatizo ni IK (kompyuta kukokotoa mkunjo wa goti kutokana na mahali pa kifundo) ya mguu ulionyooka karibu kabisa. Paja la sm 43 na muundi wa sm 43 hufika sm 86. Ukipunguza umbali kati ya nyonga na kifundo kwa sm 1 tu, goti linalazimika kukunjika nyuzi 17.5. Sm ya pili inaongeza nyuzi 7, ya tatu chini ya 6. Yaani ule mruko wote uko kwenye sentimita ya kwanza. Ukiacha fupanyonga lipande hadi mguu uishe urefu, kila tetemeko dogo la nyonga linageuka teke la goti. Shusha fupanyonga sm 1 hadi 2 kwenye mwendo mzima, mguu usifike kikomo, na mruko unakwisha.

Kwenye pozi la mwanzo, goti lisukumwe mbele kama sm 1 kutoka mstari wa nyonga na kifundo, sawa na mkunjo wa nyuzi 2 hadi 3, ili IK ijue pa kukunjia. Nyonga, goti, kifundo na shabaha ya goti, yaani nukta ambayo goti huielekea, vikae kwenye bapa moja. Shabaha iwe sm 40 hadi 50 mbele ya goti. Ikiwa "Pole Angle" inayonyoosha mguu wako ni namba kama 87.3 badala ya 90, 0, -90 au 180, kuna kiungo kimetoka nje ya bapa au mfupa umezungushwa vibaya. Rekebisha mfupa, usikubali ile namba. Nukta ya goti kwa ubavu iwe nyuma kidogo ya katikati. Ikiwa mbele mno, muundi ukikunjwa hupanda na kuingia kwenye paja. Msaidizi wa nusu pembe anafaa sana hapa pia, na ngozi iliyo juu ya pia ya goti umpe yeye sehemu kubwa.

Maumbo ya marekebisho sasa yatakuwa machache. Kwa nyonga chonga matatu: kukunja 90, kukunja 120, kutanua 45. Chonga la nne la kukunja na kutanua kwa pamoja, yaani mtu aliyekunja miguu sakafuni, kwa sababu mawili yakijumlishwa peke yao huvimbisha ndani ya paja. Draiva yake, yaani fomula inayoliwasha kutokana na pembe ya mfupa, iwe zao la draiva mbili, ya kukunja na ya kutanua. Usisome pembe kutoka kwenye Euler ya paja, chagua "Swing and Y Twist" katika nafasi ya ndani, usome X kwa kukunja na Z kwa kutanua, ili msokoto usivuruge. Kumbuka draiva hutoa radiani: 90 ni 1.571. Umbo la 90 lianze kuingia kwenye 45, yaani thamani yake ni pembe kutoa 0.785, gawanya kwa 0.785. X ikitoka hasi kwa sababu ya mwelekeo wa mfupa, izidishe kwa -1 kabla ya kutoa. Umbo la 120 lihesabiwe juu ya lile la 90 likiwa tayari limewaka, lisianzie sifuri, na kwenye 120 chonga tumbo la chini na paja vigusane bila kupenyana. Ukihamisha kiungo baada ya hapa, hata kwa sm 1, lichonge upya lile la 90 kabla ya mengine, kwa kuwa la 120 limejengwa juu yake.